Nevermind ya Nirvana: ni nyimbo zilizouza, au ni namna zilivyosafishwa?

Mpiga Gitaa wa Arusha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, nami naomba wenye uzoefu wa studio, pamoja na wale walioifuatilia historia ya muziki wa roki kwa karibu, wanisaidie kulitatua.

Mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa katika bendi ya watu watatu hapa Arusha. Tunarekodi nyimbo zetu tano za mwanzo, na prodyuza wetu anataka niimbe kila kiitikio mara mbili, kisha sauti hizo mbili zilazwe moja juu ya nyingine ili msikilizaji asikie sauti moja iliyonenepa. Nimekataa. Nimemweleza kwamba roki tunayoipiga ni ya kukwaruza, kwamba ladha yake imo katika ule ukali usiopigwa msasa, na kwamba mtu akija kututazama jukwaani atamkuta mwimbaji mmoja, si wawili. Hakubishana nami sana. Aliniambia tu niende nyumbani nikaisikilize tena Nevermind, albamu ya bendi ya Nirvana ya Marekani, kisha nirudi tuzungumze.

Basi nimeisikiliza, tena nikiilinganisha na Bleach, albamu yao ya kwanza iliyotoka mwaka 1989. Tofauti inashtua. Bleach ilirekodiwa Seattle na Jack Endino kwa gharama ya dola 606.17, na uchache wa fedha hizo unasikika: gitaa limejaa mchanga, ngoma ziko mbali kana kwamba zinapigwa chumba cha pili, na sauti ya mwimbaji wao, Kurt Cobain, inapigana ili itokeze. Nevermind ilitoka tarehe 24 Septemba 1991 chini ya lebo ya DGC, ikiwa imerekodiwa na prodyuza Butch Vig katika studio ya Sound City huko Van Nuys, California, na humo kila kitu kimekaa mahali pake, kila pigo la ngoma linagonga kifuani, na kiitikio kinapoingia unahisi chumba ulimokaa kimepanuka. Hiyo ndiyo albamu iliyokuja kuuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani.

Kinachonitatiza ni kwamba Cobain mwenyewe alisema baadaye kuwa anaionea aibu namna albamu hiyo ilivyotengenezwa, akaona iko karibu zaidi na kazi za Mötley Crüe, bendi ya roki ya kung'arishwa, kuliko na kazi ya panki, ile roki mbichi isiyojali usafi. Ikiwa mwenye mali anaionea aibu mali yake, kwa nini mimi niifuate njia ile ile? Naomba kujua kwa ushahidi, si kwa mapenzi peke yake: ni usafishaji wa sauti uliofanya albamu hii iuze kiasi kile, au nyimbo zenyewe zingeuza hata kama zingetoka zikiwa mbichi?

Fundi Mitambo amejibu:

Ndugu yangu, umeuliza jambo zuri, na kwa bahati njema albamu hii ni miongoni mwa chache ambazo zinaturuhusu kulijibu kwa masikio, kwa sababu ushahidi wa hatua nyingi za utengenezaji wake upo na unasikilizika. Nimekuwa nikirekodi na kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila kijana anayekuja kwangu kujifunza kazi humkalisha mbele ya spika na kumsikilizisha nyimbo za Nevermind katika hali zake tofauti kabla sijamruhusu kugusa mashine.

Anza na rekodi za Aprili 1990. Nirvana walikwenda kwa Vig katika studio yake ya Smart, mjini Madison, Wisconsin, wakiwa bado chini ya lebo ndogo ya Sub Pop na wakiwa na mpiga ngoma wao wa wakati huo, Chad Channing. Huko walirekodi In Bloom, Lithium, Polly na nyingine kadhaa, ukiwamo wimbo ambao baadaye ulibadilishwa jina ukawa Breed. Nakala za rekodi hizo zilizungushwa kwenye kanda miongoni mwa kampuni kubwa, na ndizo zilizosaidia kuifungulia bendi mlango wa DGC. Kwa hiyo usidhani kwamba zilipofika California nyimbo hizi zilikuwa udongo usio na umbo. Umbo lilikuwapo tayari, na anayesikiliza In Bloom ya Madison atalitambua bila shida.

Kilichobadilika kwanza ni mpiga ngoma. Dave Grohl alijiunga nao Septemba 1990, na walipoingia Sound City Mei 1991 mikono yake ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa kila wimbo. Studio hiyo ilikuwa na chumba kikubwa kinachozipa ngoma mwangwi wa asili, pamoja na meza ya kuchanganyia sauti aina ya Neve, ambayo Grohl aliithamini kiasi kwamba studio ilipofunga milango yake mwaka 2011 aliinunua yeye mwenyewe. Mtu akisema ngoma za Nevermind zimetengenezwa na mashine tu, mwambie asikilize jinsi Grohl anavyoingia mwanzoni mwa Smells Like Teen Spirit, baada ya lile gitaa la peke yake. Hakuna kitufe kinachoweza kuuzalisha uzito ule ikiwa mpigaji hana mkono.

Sasa nije kwenye jambo linalokugombanisha na prodyuza wako, kwa sababu Cobain naye aligombana nalo. Vig alipomtaka alaze sauti mbili, Cobain aliona ni udanganyifu, na hoja yake haikuwa mbali na yako. Vig alijua kwamba Cobain anampenda sana John Lennon wa Beatles, akamwambia kuwa Lennon alifanya hivyo hivyo, naye Cobain akakubali. Kuna nyakati nyingine Vig alimwomba tu arudie kuimba, kana kwamba anatafuta rekodi iliyo bora, kisha akazitumia mbili kwa pamoja, jambo lililowezekana kwa sababu Cobain aliimba kwa namna inayofanana sana kutoka mara moja hadi nyingine.

Naomba uelewe kwa nini jambo hilo linafanya kazi. Ukiinakili sauti moja na kuilaza juu yake yenyewe, huongezi chochote ila ukubwa wa sauti. Ukiimba mara mbili kwa kweli, kinywa chako hakifunguki sawasawa, neno moja linachelewa kwa punje ya muda, noti moja inapanda kwa unywele, na ni tofauti hizo ndogo ambazo sikio linazipokea kama unene. Maana yake ni kwamba kinachosikika ni upungufu wako wa kibinadamu, mara mbili. Kwa jicho langu huo si uongo.

Baada ya kurekodi, Vig alianza kumiksi mwenyewe, lakini matokeo hayakuiridhisha bendi wala kampuni. Kazi hiyo ikakabidhiwa Andy Wallace, ambaye jina lake liliwavutia kwa sababu alikuwa amefanya kazi na Slayer, bendi ambayo hakuna anayeweza kuishutumu kwa ulaini. Wallace alizipanua ngoma kwa mwangwi, akayatandaza magitaa kulia na kushoto, akaifanya sauti ya mwimbaji ikae katikati bila kusukumwa na mtu. Toleo kubwa la kuadhimisha miaka 20, lililotoka mwaka 2011, lina ile miksi ya Vig, nayo inaitwa Devonshire. Waliopiga ni wale wale na rekodi ni ile ile, ila mikono iliyokaa mezani ni mingine. Ya Vig ni kavu zaidi na ipo karibu zaidi na bendi iliyo chumbani; ya Wallace inasikika vizuri hata kwenye redio ya gari yenye spika mbovu. Mimi naamini kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyoibeba Nirvana kutoka redio za vyuo vikuu hadi redio za watu wote, kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba usafishaji ulikuwa na mchango mkubwa sana.

Bi. Santuri, Mombasa, amejibu:

Mwanangu wa Arusha, hujambo. Nimeyasoma maelezo ya Fundi Mitambo na sina la kuyapinga kwa upande wa studio, lakini niliuza kanda na santuri kwa miaka mingi, na muuzaji huiona albamu kwa upande mwingine. Maswali yenu yote mawili yanachukulia kwamba mauzo yanatoka ndani ya muziki. Sehemu yake hutoka nje.

Kampuni haikutegemea makubwa. Matumaini yao yalikuwa ni kuuza nakala 250,000, kiasi kilichofikiwa na bendi ya Sonic Youth kwa albamu yao iliyotangulia chini ya lebo hiyo hiyo, na walipoisambaza Nevermind Marekani walianza na nakala 46,251 tu. Iliingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu zinazouza zaidi Marekani, katika nafasi ya 144. Hata mpango wa nyimbo haukwenda kama ulivyoandikwa: Smells Like Teen Spirit ilitolewa ili kuwaandaa mashabiki wa roki mbadala, na wimbo uliotarajiwa kuwafikia watu wa kawaida ulikuwa Come as You Are. Teen Spirit haikuusubiri mpango huo. Video yake, iliyoongozwa na Samuel Bayer, ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya muziki ya MTV, kwanza katika kipindi cha usiku cha roki mbadala kisha kila saa, maduka yaliishiwa nakala, na tarehe 11 Januari 1992 Nevermind ikashika namba 1, ikimwondoa Michael Jackson na albamu yake ya Dangerous.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa muziki hulisahau, na mimi kwa kazi yangu siwezi kulisahau. Kabla ya Mei 1991, chati ile ilitengenezwa kwa kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza ni nini kinachouza. Mtu aliye nyuma ya kaunta hujibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hupendelea majina makubwa, na pia hupendelea kile ambacho wakala wa kampuni alikuja kukisifu asubuhi ile. Nimeyaona hayo kwa macho yangu hapa kwetu, hata bila chati. Mwuzaji ataapa kwamba kanda fulani ndiyo inayokwenda, ilhali ukihesabu rafu utakuta imejaa vumbi. Kuanzia tarehe 25 Mei 1991 Billboard waliacha simu na kuanza kutumia takwimu za SoundScan, zilizohesabu kila nakala inaposomwa na mashine ya malipo. Wiki chache tu baadaye Skid Row, bendi ya roki nzito, na N.W.A., kundi la rap, walikuwa wameshika namba 1, watu ambao makarani wa maduka hawakuwa na mazoea ya kuwataja kwanza. Nirvana walifika miezi minne baada ya mizani kusahihishwa. Sisemi kwamba mizani ndiyo iliyouza, la hasha, lakini bidhaa inayouza bila kuhesabiwa haionekani, na isiyoonekana hairushwi hewani wala haiagizwi tena na maduka.

Kaka wa Ilala amejibu:

Shikamoo Bi. Santuri, na heshima kwako Fundi. Nimejifunza mengi, lakini naona tunazunguka mbuyu. Mizani ilisahihishwa kwa kila bendi, na Andy Wallace alizimiksia bendi nyingi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Kama dawa ingekuwa ni hiyo, wote wangepona.

Mimi ninarudi kwenye nyimbo. Chukua Teen Spirit. Kodi zake kuu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja kwenye gitaa, ni nne, F, B flati, A flati na D flati, zinazozunguka karibu wimbo mzima. Kinachobadilika ni nguvu. Ubeti unapoanza, gitaa linanyamaza likabaki na noti mbili zinazodondoka kama maji ya bomba lililolegea, gitaa la besi la Krist Novoselic linaubeba wimbo peke yake pamoja na ngoma, kisha kiitikio kinaporudi zile kodi nne zinarejea kwa kishindo. Cobain hakuficha kwamba alikuwa anajaribu kuandika wimbo wa mtindo wa Pixies, bendi ya Boston iliyokuwa ikipiga pole kisha kali muda mrefu kabla yake. Wala jambo hilo halikufanyika kwenye meza ya kumiksia. Ukiupiga wimbo huo kwa gitaa kavu barazani, bila umeme na bila kipaza sauti, utaona watu wanaitikia mahali pale pale.

Ushahidi wangu wa pili umo katika ile Bleach ya dola 606.17 ambayo ndugu yetu ameitaja kana kwamba ni mchanga mtupu. Humo kuna About a Girl, wimbo wenye melodia safi kabisa, uliokaa katikati ya makelele yote yale. Ni wimbo huo ambao Nirvana waliufungulia onyesho lao la MTV la bila umeme huko New York, Novemba 1993. Mtunzi wa melodia alikuwapo tangu mwanzo, wakati hakuna kampuni kubwa iliyokuwa ikimjua.

Na humo ndani ya Nevermind yenyewe, tuutazame wimbo wa mwisho, Something in the Way. Walijaribu kuupiga wote pamoja kwenye chumba kikubwa, ukakataa. Cobain akaingia kwenye chumba cha mitambo alimokuwa Vig, akajilaza kwenye kochi akiwa na gitaa kavu la bei ya chini lenye nyuzi tano, ambalo halikuwa limetuniwa sawasawa, akaanza kunong'ona wimbo ili Vig asikie alichokuwa anakitaka. Vig akaelewa papo hapo, akazima simu na kiyoyozi na kila kitu kinachovuma, akamwekea maikrofoni pale pale alipolala. Sauti tunayoisikia ni ya mtu aliyejinyoosha kwenye kochi, akiimba kwa pumzi kuliko kwa koo. Mwaka 2022, miaka zaidi ya 30 baada ya kurekodiwa, wimbo huo ulitumika katika filamu ya Batman na ukaingia kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Vijana waliouingiza humo walivutwa na mnong'ono, wala hakuna aliyewaambia ni nani aliyeumiksi.

Polly nayo ni hivyo hivyo. Ile iliyomo kwenye albamu ndiyo iliyorekodiwa Madison mwaka 1990, tena yale matoazi machache unayoyasikia ni ya Chad Channing, aliyekuwa ameshaondoka. Walikuwa na studio kubwa na muda wa kutosha wa kuirudia, wakaamua kutoirudia.

Msikilizaji wa Kisumu amejibu:

Nina jambo fupi la kuongezea, kwa kuwa naona pande zote mbili zimeusahau wimbo wa kumi na tatu. Nilipoipata CD ya Nevermind mara ya kwanza, nililala sakafuni Something in the Way ikiisha, chumba kikawa kimya, nikaiacha mashine bila kuizima. Baada ya kama dakika kumi spika zilipasuka kwa makelele niliyodhani ni hitilafu ya umeme. Ilikuwa Endless, Nameless. Ilizaliwa siku walipokuwa wakihangaika na Lithium, ambayo ilikuwa ikiwakimbia kasi hadi Vig akamtaka Grohl apige kwa kufuata mapigo ya mashine. Cobain alichoka na marudio yale, akageukia makelele, akaimba hadi sauti ikachanika na kulivunja gitaa lake hapo hapo studioni. Waliamua kuyahifadhi makelele hayo mwishoni mwa albamu, ingawa nakala za kwanza zilitoka bila hayo kwa kosa lililofanyika kwenye hatua ya mwisho ya matayarisho. Kwa hiyo anayesema albamu hii ilipigwa msasa hadi ikapoteza ukali hajaisubiri iishe.

Fundi Mitambo amejibu:

Kaka wa Ilala, ninakubaliana nawe kuhusu Polly, na kuhusu Something in the Way ninakubaliana kwa sehemu. Mnong'ono ule ni wa kweli, lakini usikilize tena kiitikio chake kwa spika za masikioni. Utaisikia selo (aina ya fidla kubwa) ya Kirk Canning ikiingia chini ya sauti, na ngoma ambazo Grohl alitakiwa kuzipiga kwa upole asiouzoea, juu ya gitaa ambalo halikufuata mapigo yoyote wala halikukaa kwenye noti za kawaida. Kuzioanisha ngoma na besi na gitaa la namna hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kumiksi nyimbo tatu za kelele. Kilichokufikia kikiwa kama mtu amelala kwenye kochi kilihitaji mtu mwingine akae macho.

Kuhusu aibu ya Cobain, ambayo ndiyo iliyomchoma ndugu yetu zaidi, tutazame alichokifanya baadaye, maana msanii huonekana zaidi katika kazi yake inayofuata kuliko katika mahojiano. Februari 1993 walikwenda kurekodi na Steve Albini, huko Minnesota, fundi wa studio ambaye alikataa kuchukua asilimia ya mauzo ya bendi yoyote kwa sababu aliona fedha hizo ni za wanamuziki. Wakairekodi In Utero kwa muda wa wiki mbili hivi, ikiwa kavu na kali kama alivyotaka Cobain. Hata hivyo, kabla haijatoka, Heart-Shaped Box na All Apologies zilipelekwa kwa prodyuza mwingine, Scott Litt, zikamiksiwa upya. Albamu ikatoka Septemba mwaka huo, ikaanza moja kwa moja kwenye namba 1. Mtu aliyechukizwa kweli na usafishaji wa kila aina asingekubali hilo. Mimi naona kwamba alichokikataa ni kiwango cha usafi, pamoja na wale watu wapya waliokuja kwa ajili ya usafi huo na kumwona kama mali yao. Uchungu huo ninauheshimu kikamilifu, ila si hoja ya kitaalamu dhidi ya sauti mbili kwenye kiitikio.

Na ndugu yangu wa Arusha, prodyuza wako hakukuomba uwe Nirvana. Amekuomba urudie kuimba mara moja. Jaribu, kisha zima moja, kisha iwashe tena, uamue kwa masikio yako.

Bi. Santuri, Mombasa, amejibu:

Naongeza neno moja kuhusu ile lebo ndogo ya Sub Pop, maana vijana huzisahau lebo ndogo. Walipomwachia DGC bendi yao, hawakuondoka mikono mitupu: walilipwa, na wakapewa sehemu ya mapato ya albamu zilizofuata, na alama yao ikabaki nyuma ya jalada la Nevermind. Mauzo yale yaliwaokoa wakati walipokuwa katika hali mbaya ya fedha, na lebo hiyo ipo hadi leo. Mwanangu, kabla hujagombania sauti mbili au moja, soma vizuri karatasi utakayotia saini.

Mpiga Gitaa wa Arusha amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Bi. Santuri, nimezisoma karatasi, na kesho ninazipeleka kwa mjomba wangu ambaye anaielewa mikataba kuliko mimi.

Nilifuata ushauri wa Fundi Mitambo. Jumamosi nilitafuta miksi ya Devonshire, nikaisikiliza Breed ya Vig kisha ya Wallace, mara tano kwa kupokezana, huku mpiga ngoma wetu akiwa amekaa kando yangu. Yeye alichagua ya Wallace bila kusita. Mimi bado ninaipenda ya Vig, kwa sababu ninaisikia mikono ya watu ndani yake, lakini nimekubali kwamba iwapo ningekuwa ndani ya daladala, na mlango uko wazi na injini inanguruma, ni ya Wallace ambayo ningeisikia ikafika mwisho. Kisha nikairudia Polly, nikazisubiri zile toazi chache za Channing, nikaona Kaka wa Ilala naye hakukosea.

Jumatatu tulirudi studio. Niliimba kiitikio cha wimbo wa pili mara ya kwanza kama nilivyozoea. Mara ya pili koo lilikuwa limechoka kidogo, na neno la mwisho lilichelewa, nikaomba nirudie, prodyuza akakataa akasema aiache hivyo hivyo. Akazilaza pamoja. Alipozima moja, kiitikio kilibaki kimesimama peke yake katikati ya gitaa kama mtoto aliyepotea sokoni, na alipoirudisha nikaisikia ile punje ya kuchelewa kwenye neno la mwisho, ikinivuta. Tumekubaliana kwamba sauti mbili zitakaa kwenye viitikio vya nyimbo tatu. Wimbo wa nne, ambao niliutunga baada ya kumzika bibi yangu, nitauimba mara moja tu, nikiwa nimekaa, na wameniahidi kwamba watazima feni.